Stima ya mtoni imegoma: dalili, vyanzo na la kufanya

Chombo hujulikana kinapoharibika. Kwa hiyo sitaieleza stima ya mto ya karne ya 19 kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Nitaipitia kwa kasoro zake: unachokisikia au kukiona ukiwa zamu, kinatokana na nini, na mabaharia wa wakati ule walikitatua vipi. Stima ninazozungumzia ni za mito ya Mississippi, Ohio na Missouri huko Marekani, kuanzia miaka ya 1830 hadi 1870 na ushei. Zilikuwa nyingi, zilichapwa kazi bila huruma, na ajali zake ziliandikwa kwa kirefu.

Kwanza ujue kila kitu kiko wapi. Ganda ni la mbao, pana, bapa, la kina kifupi, maana mto wenyewe hauna kina. Ndiyo sababu boila hazikuwekwa chini kwenye falka. Zimelazwa juu ya sitaha kuu, upande wa omo, tatu au nne au zaidi zikiwa bega kwa bega. Kila moja ni pipa refu la chuma, mita 6 hadi 9 kwa urefu na kipenyo cha mita 1 hivi. Moto uko chini ya sehemu ya mbele. Miali hupita chini ya boila mpaka nyuma, kisha hurudi mbele kupitia mabomba mawili makubwa yaliyozama ndani ya maji, ndipo moshi unapanda kwenye dohani mbili ndefu. Boila zote zimeunganishwa juu kwa bomba la mvuke, na chini kwa bomba linalokusanya tope. Injini ziko nyuma yake. Abiria wenye pesa wanalala sitaha ya pili, juu ya boila. Rubani yuko kwenye kibanda cha vioo juu kabisa na anampa fundi amri kwa kuvuta kamba za kengele.

Ukiitwa kwa tatizo lolote, uliza maji kwanza. Maji yako wapi ndani ya boila, yako kiasi gani chini ya ganda, na yameingia kiasi gani kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya ganda? Mto wenye tope ndio unaobeba stima, ndio unaonyweshwa boila, na ndio utakaokuzika ukizembea. Kasoro nyingi zinazoonekana kuwa za injini au za moto, ukizifuata nyuma, zinaishia hapo.

KOKI YA KATI INATOA MVUKE MTUPU

Boila ina koki tatu za kupimia, moja juu ya nyingine. Fundi hupita na kijiti, anabonyeza moja moja na kusikiliza. Ya chini ikitema maji, ya kati maji yaliyochanganyika na mvuke, na ya juu mvuke mkavu, hali ni njema. Ya kati ikitoa mvuke mtupu, maji yameshuka. Ya chini nayo ikifanya hivyo, mabomba ya moto yaliyo ndani yanakaribia kubaki makavu, au tayari ni makavu, na chuma chake kinaelekea kuwa chekundu. Sikio ndilo linaloamua hapa. Maji yanatoka kwa mkoromo mzito, mvuke kwa mluzi mwembamba, na fundi mzoefu alizitofautisha hizo sauti gizani huku watu mia wakipiga kelele gatini.

Chanzo cha kwanza cha kuangalia ni pampu. Kwenye stima za zamani pampu ya kulisha boila iliendeshwa na injini kuu. Maana yake, stima ikisimama kupakia, pampu nayo inasimama, na moto unaendelea kula maji yaliyomo. Dakika chache za kusubiri abiria mmoja mwenye masanduku mengi zilitosha kushusha maji. Dawa ilikuwa kuachanisha injini na gurudumu ili ifanye kazi ya pampu peke yake, lakini wengi hawakujisumbua. Kuanzia miaka ya 1840 ikaenea pampu ya pekee yenye injini yake ndogo, ambayo mabaharia waliiita daktari. Kama unaye daktari na maji bado yanashuka, kagua kichujio cha bomba la kuvutia: majani, mchanga na vipande vya magome huziba pale.

Chanzo cha pili hakionekani kwenye pampu hata ukikaa nayo siku nzima. Stima imelala upande. Abiria wote wamekimbilia ubavu mmoja kutazama gati, au shehena ilipangwa vibaya, au rubani anakata kona kali. Kwa kuwa boila zimeunganishwa kwa chini, maji hutiririka kutoka zile za upande wa juu kwenda za upande wa chini. Boila ya nje inakauka, chuma kinapata moto. Stima ikinyooka, maji yanarudi kwa kishindo juu ya chuma chekundu. Mvuke unaozaliwa hapo kwa ghafla hausubiri vali. Ndiyo maana stima nyingi zilikuwa na vigari vya magurudumu vilivyojazwa minyororo mizito, vikisukumwa kulia na kushoto kwenye sitaha ili kusawazisha chombo. Ukiona sarahangi, msimamizi wa mabaharia, anawafokea abiria wa sitaha warudi walipokaa, usimwone mkorofi, anatunza boila.

Sasa la kufanya. Mkono utakimbilia kufungulia maji. Usifungulie. Fungua milango ya tanuri, vuta kuni zinazowaka au zifunike kwa majivu, usiwashe injini, usiinue vali ya usalama kwa ghafla, na waondoe watu walio mbele ya boila. Chuma kipoe kwanza ndipo ulishe maji kidogo kidogo. Katika miaka ya 1830 taasisi ya Franklin Institute ya Philadelphia ilifanya majaribio kwa fedha za serikali kuu kuhusu suala hili. Watu wengi waliamini kwamba maji yakigusa chuma chekundu hugeuka gesi inayolipuka yenyewe. Majaribio yaliiangusha dhana hiyo. Kilichokuwa kikipasua boila kilikuwa mvuke wa kawaida, mwingi mno kwa wakati mfupi mno, au chuma kilichodhoofika.

KOKI ZINASEMA MAJI YAPO, LAKINI SILINDA INAGONGA

Hili ni povu. Maji machafu yanayochemka kwa nguvu hupanda kama povu, na koki hutema maji hata pale ambapo maji halisi yako chini sana. Utalijua kwa sababu hata koki ya juu inatoa maji, kisha dakika moja baadaye inatoa mvuke, na injini inagonga: maji yamesafiri na mvuke hadi kwenye silinda, nayo hayabanwi. Pistoni ikiyakuta mwisho wa mwendo wake, kifuniko cha silinda kinaweza kung'oka. Punguza mwendo, fungua koki za kutolea maji kwenye silinda, tuliza moto, kisha fungua vali ya bomba la tope usafishe chini. Missouri, huku juu kwenye nyanda kavu, ilikuwa mbaya zaidi kwa povu kuliko Ohio.

BAMBA LA BOILA LIMEVIMBA

Tope lisilotolewa hutua chini ya boila, palepale moto unapopiga, na hujenga tabaka gumu kama ukoko wa wali uliogandia sufuria. Chini ya ukoko huo chuma hakiguswi na maji, kinapata joto kupita kiasi, kinalainika, na presha inakisukuma nje. Uvimbe unaouona kwa nje ni taarifa kwamba ndani hapajasafishwa.

Kazi ya kusafisha ilikuwa mateso. Boila inazimwa, inapozwa, inafunguliwa mlango wake mdogo, na mtu mwembamba anatambaa ndani na nyundo na kwangua, taa ya mafuta mbele yake, joto likiwa bado limo kwenye chuma. Stima ikilala gatini siku nzima kwa ajili hiyo, mwenyewe anahesabu hasara. Hapo ndipo uamuzi mbaya unapoingia.

Kisa kikubwa ni cha stima Sultana, Aprili 1865. Ilifika Vicksburg boila moja ikivuja, bamba limetuna. Fundi wa boila aliyeitwa alitaka kubadilisha mabamba mawili. Nahodha, J. Cass Mason, alikuwa na haraka: jeshi lilikuwa likilipa kwa kichwa kuwarudisha kwao wanajeshi wa Muungano, upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, waliotoka kwenye kambi za mateka za Kusini, na stima nyingine zilikuwa zikiwania abiria hao. Kikawekwa kiraka, chembamba kuliko bamba lenyewe. Sultana ilikuwa na kibali cha watu 376. Iliondoka na zaidi ya 2,000. Usiku wa kuamkia tarehe 27, mto ukiwa umefurika, ililipuka kaskazini kidogo mwa Memphis. Waliokufa walipita 1,100, na Mason mwenyewe akiwamo.

Wachunguzi walibishana kuhusu chanzo, na mabishano yao ni somo zuri la utatuzi. Kiraka kilikuwepo. Maji huenda yalikuwa machache. Stima iliyobeba umati juu ililala huku na huku, na maji yakahama kama nilivyoeleza. Boila zenyewe zilikuwa za aina mpya, zenye mabomba madogo mengi badala ya mawili makubwa, ambazo hazisafishiki vizuri kwa maji ya Mississippi. Kwa maoni yangu hakuna haja ya kuchagua kimoja. Kila moja ya kasoro hizo ilikuwa inajulikana kabla ya safari, na tiba ya zote ilikuwa moja: kulala Vicksburg siku chache.

Kama bamba limetuna nawe uko safarini, shusha presha sana, nenda taratibu mpaka bandari yenye mafundi, na bamba libadilishwe. Kiraka kwenye uvimbe ni kazi ya kuficha.

VALI YA USALAMA IKO KIMYA

Vali ya zama hizo ni fimbo yenye uzito mwishoni. Ikinyamaza huku moto unanguruma, tazama fimbo kabla ya kitu kingine. Kuna mtu amening'iniza chuma, tofali au kipande cha nanga. Ondoa uzito polepole, funga hewa ya tanuri, endelea kulisha maji kama koki zinasema yapo.

Stima Moselle ililipuka karibu na Cincinnati tarehe 25 Aprili 1838 kwa namna hiyo. Ilisifika kwa kasi, ikasimama kuchukua abiria huku mvuke ukizuiwa usitoke ili iondoke kwa mbwembwe mbele ya watu. Gurudumu lilipoanza tu kuzunguka, boila zikapasuka. Watu zaidi ya 100 walikufa. Mwaka uleule Bunge la Marekani likapitisha sheria ya ukaguzi, dhaifu. Ya mwaka 1852 ndiyo iliyokuwa na meno: leseni kwa marubani na mafundi, boila kujaribiwa kwa maji kwa mara moja na nusu ya presha ya kazi, na ukomo wa pauni 110 kwa inchi ya mraba kwa boila ya inchi 42 yenye bamba la robo inchi. Pia ilitaka vali moja iwekwe mahali ambapo wafanyakazi wa stima hawawezi kuigusa. Aliyeandika kifungu hicho aliwajua mabaharia.

PRESHA HAIPANDI

Anza na kuni. Stima kubwa ilikula zaidi ya mita za ujazo 150 za kuni kwa siku, ikisimama mara mbili kwa siku kwenye vituo vya wauza kuni kandokando ya mto. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto haba, na muuzaji mjanja hupanga zile kavu mbele. Missouri ya juu hakukuwa na cha kuchagua: mti uliokuwepo ni mpopla wa mtoni, mlaini na wenye maji, na mara nyingi wafanyakazi walishuka kuukata wenyewe. Walirusha utomvu wa msonobari kuuchochea. (Stima za mto Kongo miaka ya 1880 na 1890 ziliishi vilevile, jioni zinafunga ukingoni, na usiku shoka zinalia.)

Kama kuni ni nzuri, angalia masizi ndani ya mabomba ya moto, kisha majivu yaliyoganda kwenye wavu wa tanuri, kisha milango inayoachwa wazi kwa muda mrefu kila kuni zinapoongezwa.

Kama hayo yote yako sawa, watazame watia kuni. Kabla ya vita vya 1861 hadi 1865, wengi walikuwa Waafrika watumwa waliokodishwa na mabwana zao, ambao ndio waliopokea mshahara. Wengine walikuwa Weusi huru, na Waayalandi na Wajerumani waliotoka meli juzi. Abiria wa sitaha, wale wa nauli ya chini, walipunguziwa zaidi wakikubali kubeba kuni. Kazi ilikuwa mbele ya moto, mchana wa Julai, kisha kukimbia ubao mwembamba usiku na mzigo begani, na chakula ni masalio ya mezani kwa mabwana wa juu. Geji ikishuka saa tisa usiku kila siku, sababu haiko kwenye chuma.

INJINI HAIONDOKI, AU INAONDOKA KWA MAGOTI

Kwenye stima yenye gurudumu kila ubavu, kila gurudumu lina injini yake ya silinda moja. Pistoni ikisimama mwisho kabisa wa mwendo wake, mvuke hauwezi kuisukuma popote. Wanaume wanaingia na mitaimbo kulizungusha gurudumu kidogo. Stima za gurudumu la nyuma zina injini mbili zilizounganishwa kwenye mhimili mmoja kwa pembe ya robo duara, kwa hiyo moja ikikwama nyingine inavuta. Tatizo hili haliko huko.

Mtikisiko unaokuja kwa mpigo ni mbao za gurudumu zilizovunjika kwa magogo au barafu. Seremala wa stima ana mbao za akiba. Anasimamisha gurudumu, anaingia ndani yake na spana, anabadilisha. Hakikisha mvuke umefungwa na mtu amesimama kwenye vali. Beringi inayonuka imeishiwa shahamu. Mwagia maji, paka upya, punguza mwendo.

STIMA IMEPANDA FUNGU

Hili halikuwa ajali, lilikuwa ratiba. Kwenye Missouri siku kavu za Agosti, stima ilikwama mara kadhaa kati ya mawio na machweo. Hata stima Far West, iliyojengwa mwaka 1870 kwa ajili ya maji haba, ikiwa na urefu wa mita 58 na ikizama sentimeta 50 tu ikiwa tupu, ilikuwa na nguzo zake mbili zimesimama omo tayari.

Kwanza pima. Mississippi, kina kilikotosha, baharia alitupa bildi (kamba yenye risasi ya kupimia kina) na kutangaza kwa wimbo: pima mbili, mbili kasorobo, na kadhalika. Missouri bildi ni mzaha. Walitumia mti wenye alama za futi. Pima pande zote, omo hadi tezi, ujue kama umekaa kwa pua tu au kwa tumbo zima.

Kwa pua tu, rudisha gurudumu nyuma. Kama haitoki, liache lizunguke kwa muda. Mkondo linaousukuma chini ya ganda unakwangua mchanga. Kama mkondo wa mto unakubana zaidi juu ya fungu, peleka kamba nene ukingoni, ifunge kwenye mti, na kama hakuna mti fukia gogo ardhini ulifunge hilo, kisha vuta kwa duara ya mvuke, yaani mtambo unaozunguka na kukaza kamba.

Umekaa kwa tumbo na njia iko mbele, ng'ambo ya fungu? Hapo ndipo nguzo zinashushwa. Kila ubavu wa omo una nguzo ndefu imara. Ncha ya chini inaingizwa kwenye mchanga, ya juu inalazwa kidogo kuelekea mbele. Kutoka juu ya nguzo kuna kapi na kamba inayoshuka hadi kwenye sitaha na kwenda kwenye duara. Duara ikianza kukaza, nguzo haiwezi kuzama zaidi, kwa hiyo chombo ndicho kinachopanda: omo inanyanyuka sentimeta chache, na wakati huohuo gurudumu la nyuma linasukuma. Stima inajikokota mbele kiasi cha hatua chache na kutua tena. Nguzo zinang'olewa, zinasogezwa, zinachomekwa upya. Fungu moja linaweza kula siku mbili. Kamba ikikatika inapiga kama mjeledi, kwa hiyo asiye na kazi omo asisimame omo.

Vyote vikishindikana, shusha shehena. Nusu inaachwa ukingoni chini ya turubai na mlinzi, stima inavuka, inashusha iliyobaki, inarudi kuchukua. Karani atalalamika, mwache alalamike.

MSHTUKO OMO, KISHA NGAMA INAJAA

Umegonga kisiki. Ukingo wa mto unapomeguka, miti mizima huanguka majini. Mizizi yenye udongo huzama na kunasa, shina linalala kuelekea mkondo unakokwenda, ncha yake chini kidogo ya uso wa maji. Vingine husimama imara, vingine huinama na kuinuka na mkondo, na hivi vya pili ni vibaya zaidi maana dakika unayotazama huvioni. Stima inayopanda mto inajichoma yenyewe.

Hesabu yako ni ya dakika. Kama ganda lina chumba cha omo kilichotengwa kwa ukuta wa mbao, kagua ukuta huo kabla ya shimo. Ukishika, una muda. Tuma mtu na taa kwenye ngama atafute penye mkondo wa maji kwa sikio na kwa kiganja. Shimo dogo huzibwa kwa mablanketi yaliyopakwa shahamu, yakakandamizwa na ubao na kuegemezwa boriti kutoka juu. Pampu zote zifanye kazi. Shimo kubwa usiliguse: mwambie rubani aelekeze stima kwenye maji mafupi na aipandishe kwa makusudi. Stima iliyokaa chini ikiwa na sitaha ya juu kavu imeokoa kila mtu.

Stima Arabia iligonga shina la mjozi kwenye Missouri, karibu na Parkville, tarehe 5 Septemba 1856. Ilizama kwa dakika chache. Abiria wote walitoka salama. Aliyekufa ni nyumbu mmoja aliyekuwa amefungwa. Tani 200 za shehena zilikwenda na ganda. Mto ukahama, na mwaka 1988 stima ilichimbuliwa chini ya shamba la mahindi, kina cha mita 14 hivi, umbali wa nusu maili kutoka maji yanapopita sasa. Shehena yake iko kwenye makumbusho Kansas City.

Kinga ya kweli ilikuwa kung'oa visiki. Henry Shreve aliunda Heliopolis mwaka 1829, stima ya maganda mawili yaliyounganishwa kwa boriti yenye chuma. Ilikiparamia kisiki kwa mvuke wote, ikakivunja au kukinyanyua, na msumeno ukamalizia.

CHECHE ZINAANGUKA SITAHANI

Dohani zilijengwa ndefu ili ziongeze mvuto wa moto na kurusha cheche mbali. Upepo wa nyuma huzirudisha. Ukibeba marobota ya pamba, funika kwa turubai iliyoloweshwa na weka watu wa ndoo usiku kucha. Na ukiwa gatini, ogopa jirani. Tarehe 17 Mei 1849 moto ulianzia kwenye stima White Cloud huko St. Louis, ukateketeza stima 23, ukapanda mjini na kuchoma majengo zaidi ya 400.

WATU WA SITAHA WANAANGUKA MMOJA MMOJA

Wakihara maji na kukauka midomo, ni kipindupindu, na chanzo ni ndoo: chakula, kunywa na choo vyote vinatumia maji ya ubavuni mwa stima. Wakati wa wimbi la 1832 na 1833, na tena 1849, mabaharia walilaumu hewa mbaya na matunda. Chemsha maji, boila unazo.

Akiwa ni mmoja mwenye homa na vipele, stima isimame. Mwaka 1837 St. Peters, stima iliyobeba bidhaa za kampuni ya manyoya, ilipanda Missouri ikiwa na ndui ndani. Haikugeuza njiani. Wamandan, kabila la wenyeji wa Amerika waliokuwa wakiishi vijijini kando ya mto huo, walipukutika karibu wote. Kati ya milipuko yote ya boila niliyoitaja hapa, hakuna iliyofanya madhara kama hayo.

MILANGO HAIFUNGI NA MABOMBA YA MVUKE YANAVUJA KWENYE VIUNGO

Usikimbilie kukaza viungo. Mgongo wa chombo umelegea: boila zinalemea omo, injini zinalemea tezi, katikati kunaelea. Fimbo ndefu za chuma hupita juu ya nguzo kutoka omo hadi tezi kuzivuta ncha hizo zisishuke. Tafuta skrubu za kukazia katikati ya fimbo, geuza kidogo kila siku, na ukiona milango ya vyumba inaanza kufunga tena, acha.

Ukikaza na baada ya wiki moja ukarudia, na kalafati (nyuzi za kuzibia mianya ya mbao) inatoka kwenye maungio kila ukisukuma pampu ya ngama, ganda limekwisha. Lisikushangaze, stima za mito hii ziliishi wastani wa miaka minne au mitano. Injini huwa bado nzima, na desturi ilikuwa kuzing'oa na kuzipachika kwenye ganda jipya, na lile la zamani likauzwa liwe gati linaloelea. Daktari naye anahama. Boila ndizo za kufikiria mara mbili: baada ya sheria ya 1852 mabamba yalipaswa kupigwa muhuri wa mtengenezaji, basi usome, kisha uzijaribu kwa maji upya hata kama cheti cha zamani hakijaisha muda, na uingie ndani mwenyewe na nyundo kabla ya kukubali kwamba zimesafishwa.